Plagi nne za Corolla ya mjomba: shajara ya mradi

Gari ni Toyota Corolla KE70, injini ya 4K ya cc 1,290, kabureta moja, distribyuta ya pointi (kile kigawa umeme wa plagi) na koili ya kawaida. Hakuna kompyuta wala sensa. Kazi yafanyika uani kwetu Makupa, Mombasa, na naandika jioni hiyo hiyo mikono ikiwa bado yanuka petroli, maana nikilala na namba kichwani huamka sinazo.

Wiki ya 1, Jumamosi. Odometa 214,306

Mjomba amestaafu na kurudi nyumbani. Gari hili amelitumia Nairobi miaka mingi, na siku aliyonikabidhi funguo alisema, "Mwanangu, hili halijaniangusha hata siku moja." Namwamini. Lakini tangu lishuke pwani halina raha. Likiwashwa likasimama, languruma vizuri kabisa. Ukilipandisha daraja la Nyali na watu wanne ndani, gia ya tatu, ukakanyaga mafuta mpaka chini, laanza kukatakata. Ukilegeza mguu, misi, yaani huko kukatakata, yaisha papo hapo. Na kabla ya misi huja sauti nyingine, kama kunde kavu zikitikiswa ndani ya kopo. Hiyo ni injini kugonga.

Misi ya namna hii yaweza kuwa petroli isiyofika au moto usioruka. Nimebadilisha filta ya petroli na kutazama kioo cha kabureta: mafuta yamefika kwenye mstari, na hayashuki hata nikivuta waya wa mafuta kwa nguvu. Kesho nafungua plagi.

Wiki ya 1, Jumapili

Plagi zote nne zina rangi ya hudhurungi hafifu, kama chai iliyotiwa maziwa mengi. Basi mchanganyiko wa hewa na petroli uko sawa, kabureta haina kosa. Nikaingiza fila geji, kile kipimo cha vibati bapa, kwenye mwanya wa kila moja, pale cheche inaporuka: milimita 1.1, zote nne. Kwa injini hii yenye pointi, kipimo ni 0.8.

Nikampigia mjomba. Akasema ndiyo, fundi wake wa Nairobi alizipanua makusudi ili moto uwe mkubwa, na akasogeza taimingi mbele kidogo, yaani cheche iruke mapema zaidi, ili gari liwe jepesi. Huyo fundi simlaumu. Kule kulifanya kazi, na sababu iko kwenye hewa yenyewe.

Cheche haivuki mwanya bure. Koili hupandisha volti mpaka hewa iliyo kati ya vichuma viwili ishindwe kuzuia umeme. Mjerumani Friedrich Paschen alilionyesha jambo hili mwaka 1889: volti zinazohitajika hutegemea presha ya hewa ikizidishwa kwa upana wa mwanya. Ukipanua mwanya, volti zapanda. Ukiongeza presha, zapanda vilevile. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na presha ya hewa yake ni pungufu ya hii yetu kwa karibu asilimia 18. Injini hii kule ilikuwa ikivuta hewa nyepesi, ikiibana, na presha ndani ya silinda wakati wa cheche ilikuwa ndogo. Koili iliweza kuvusha 1.1. Hapa Mombasa silinda yajaa hewa nzito, na mguu ukiwa chini yajaa zaidi, kwa sababu kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachoziba njia ya hewa, kimefunguka chote. Mwanya ni ule ule, koili ni ile ile, lakini kazi imekuwa kubwa kuliko uwezo wake. Injini ikiwaka gari limesimama tu, kipepeo karibu kimefungwa, presha ndani ni ndogo, na ndiyo maana haina misi wakati huo.

Na kugonga nako kwatoka hapo hapo. Taimingi iliyosogezwa mbele kwa ajili ya hewa ya Nairobi ni mapema mno kwa hewa ya pwani.

Nikaanza na taimingi. Kwa taa ya taimingi ilionekana imetangulia kwa kama digrii 6. Nikairudisha kwenye alama. Nikatoka nalo darajani, na kweli kugonga kumekwisha. Lakini misi imezidi! Sasa yaanza hata mguu ukiwa nusu.

Nimekaa na jambo hili mpaka magharibi. Nikaja kuliona hivi: pistoni yapanda ikiibana hewa. Cheche ikiruka mapema, pistoni haijafika juu, presha bado ndogo. Cheche ikicheleweshwa, pistoni imeshakaribia juu, presha imepanda, na volti zinazohitajika zimepanda pamoja nayo. Yaani ile taimingi ya mapema ilikuwa ikiisaidia koili kuvusha mwanya mpana. Nilipoondoa kosa moja nililifunua la pili. Taimingi siirudishi nyuma ya alama wala mbele yake tena. Sasa ni zamu ya mwanya.

Wiki ya 1, Jumanne

Kabla ya kugusa mwanya nimezipeleka plagi kwa fundi mzee wa hapa mtaani, ambaye sote twamwita Ami. Nilimwamkia, nikamwonyesha fila geji. Hakuitazama. Alichukua plagi moja, akaisogeza karibu na jicho, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Hiki kiguu cha nje kimeliwa katikati. Wakiona kibonde?"

Nilikuwa sijakiona. Kile kichuma kilichopinda juu ya kichuma cha kati kilikuwa na kishimo kidogo, kama sahani ya mdoli. Fila geji ni bapa. Yapita juu ya kingo za kishimo na haigusi chini yake. Ami akatoa kipimo chake cha waya, kile cha pete chenye vijiti vya mviringo. Waya wa 1.2 ukapita bila kukwama. Basi hata hiyo 1.1 niliyoandika Jumapili ni uongo. Mwanya wa kweli ni zaidi ya 1.2. Mstari ule nimeuacha ulivyo, sahihisho ni hili.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Koili mmeifunga sawa?"

Kwa kawaida kichuma cha kati ndicho huwa hasi, na ndicho chenye joto zaidi kwa kuwa kimezungukwa na kauri. Chuma cha moto hutoa elektroni kwa urahisi, kwa hiyo cheche ikianzia hapo hutaka volti chache. Mtu akibadilisha zile nyaya mbili ndogo za koili, umeme hugeuka: cheche yaanzia kwenye kiguu cha nje kilicho baridi zaidi, volti zahitajika nyingi zaidi, na kiguu hicho huliwa taratibu mpaka kinafanya kibonde. Ami alikisoma kibonde kama daktari asomavyo ulimi.

Tukajaribu kwa penseli. Ami aliushika waya wa plagi kwa koleo lenye mpira mzito, akauweka mbali kidogo na kichwa cha plagi, mimi nikiwasha injini. Akaingiza ncha ya penseli ya risasi katikati ya cheche. Ukitazama vizuri, waona kijimwali cha rangi ya chungwa kikimwagika upande mmoja tu wa penseli. Koili ikiwa sawa, kijimwali hukaa upande wa plagi. Chetu kilikuwa upande wa waya. Nyaya za koili zimefungwa kinyume, na haijulikani tangu lini. Tukazibadilisha. Dakika mbili za spana namba 8.

Ami hakutaka hela. Nimemwahidi nitamletea kamba za plagi za zamani, anazitumia kufungia kuku.

Wiki ya 2, Jumamosi. Odometa 214,371

Nimenunua plagi nane mpya mjini, Mwembe Tayari. Nne za kutumia na nne za majaribio. Nilizipima zote kabla ya kuzifunga, na nashukuru nilizipima: boksi limeandikwa zimewekwa tayari, lakini moja ilikuwa 0.65 na nyingine 0.9. Plagi ikianguka kaunta mara moja tu, kiguu chake chasogea.

Kuurekebisha mwanya ni kazi ya mkono mwepesi. Kuupanua, nakiinua kiguu cha nje kwa kile kikulabu cha kipimo, bila kuegemea kichuma cha kati, maana ukikisukuma kauri hupasuka kwa ndani na nje huioni. Kuupunguza, nagongesha kiguu juu ya ubao wa mninga, taratibu, kisha napima tena. Zote nne ziko 0.8 kwa waya.

Hedi, kile kichwa cha injini plagi zinapoingia, ni ya aluminiamu, kwa hiyo nilizianzisha kwa vidole tu mpaka zikagota, ndipo nikaongeza nusu ya mzunguko na zaidi kidogo kwa spana ili ile washa mpya, pete ya chini ya plagi, ijibane. Nyuzi za hedi zikiliwa, mradi huu wote wageuka mradi mwingine.

Daraja la Nyali, watu wanne, gia ya tatu: halikatiki. Nikarudia mara tatu. Halikatiki.

Wiki ya 2, Jumatano, baada ya isha

Mvua ya masika imenyesha tangu alasiri, na njiani kutoka Kongowea misi ikarudi. Si ile ya kwanza, hii ni ya silinda moja tu, yaja na kuondoka.

Nimezima taa zote za uani, hata ya barazani, nikamwomba mke wangu achukue chupa ya kunyunyizia nguo za pasi. Injini ikawa yawaka. Akanyunyiza ukungu wa maji juu ya waya za plagi. Kwa muda hakuna kitu. Kisha uzi wa buluu, mwembamba kuliko unywele, ukajitokeza kwenye waya wa silinda ya tatu, pale unapopita karibu na kishikio cha chuma, ukawa waruka na kupotea, waruka na kupotea, na kila urukapo injini yatetemeka. Mke wangu akasema kimya kimya, "Kumbe ndio huo." Tulisimama tukiutazama dakika nzima.

Naongeza Alhamisi: asubuhi nilivua vile vifuniko vya mpira vya waya za plagi: ndani vina vumbi jeupe la chumvi. Upepo wa bahari hauingii kwenye chumba cha watu tu. Umeme hutafuta njia rahisi. Kama kuruka mwanya ndani ya silinda kwataka volti nyingi kuliko kutoboka kwenye mpira uliochoka na chumvi yenye maji, utatoboka kwenye mpira. Mwanya ukiwa mpana, ndivyo njia hii ya wizi inavyovutia zaidi. Nimefunga waya mpya, nikapaka grisi ya silikoni ndani ya vifuniko, na kofia ya distribyuta nimeifuta kwa spiriti mpaka ikang'aa.

Wiki ya 3, Jumapili. Odometa 214,602

Leo ndiyo siku niliyoisubiri. Sasa kila kitu kingine kiko sawa, nataka kujua mwanya wenyewe wafanya nini.

Nilitoka baada ya swala ya alfajiri kabla malori hayajajaa. Njia ni ile ya Mazeras, kipande kile kile cha mlima, gia ya tatu, mafuta mpaka chini, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa. Mpwa wangu kiti cha mbele na saa ya simu. Kila mwanya mara tatu. Plagi nilizibadilishia kando ya barabara, kwa glavu, hedi ikichoma.

Kwa 0.6, wastani sekunde 15.3. Kwa 0.8, sekunde 15.1. Kwa 0.9, sekunde 15.2. Kwa 1.0, sekunde 15.1 mara mbili, na mara ya tatu lilikatika kidogo, ikawa 16.4. Safari tatu za mwanya mmoja zenyewe zapishana kwa sekunde 0.3, basi tofauti kati ya 0.6 na 0.9 mlimani siwezi kusema ipo.

Nimeziangalia namba hizi mara nyingi leo. Nilidhani nitaona nguvu ikipanda hatua kwa hatua kadiri mwanya unavyopanuka, kama wasemavyo wengi gereji. Haikupanda. Mguu ukiwa chini, mchanganyiko ni mzito na wenye joto. Cheche yoyote iliyoruka yatosha kuuwasha, na ukishawaka, waungua wenyewe. Mwanya mpana hauongezi farasi hata mmoja. Kinachopoteza nguvu ni cheche isiyoruka kabisa.

Tofauti ipo kwingine, na ni kubwa: injini ikiwaka gari limesimama. Nilikuwa nimeweka mizunguko 700 kwa dakika, mwanya ukiwa 0.8. Kwa 0.6 ilishuka hadi 650 na usukani ukawa watetemeka mkononi. Kwa 0.9 ilitulia mpaka mpwa wangu akauliza kama imezima. Kipepeo kikiwa kimefungwa, silinda hupata hewa kidogo iliyochanganyika na moshi uliobaki wa mzunguko uliopita, na mchanganyiko huo ni mgumu kushika moto. Cheche fupi huzaa kijimoto kidogo kilichobanwa kati ya vichuma viwili baridi, nacho hunyonywa joto kabla hakijakua. Cheche ndefu zaidi huzaa kijimoto kikubwa, mbali kidogo na vichuma, kikapata nafasi ya kukua.

Kwa hiyo mwanya mzuri ni ule mpana kuliko yote ambao koili bado yauvusha kwa uhakika, siku ya mvua, mlimani, na watu wanne ndani. Nilimweleza mpwa wangu kwa mfano wa kivuko: mtu aruka kutoka gatini hadi mashuani. Akiwa mikono mitupu aruka mbali; akiwa na gunia la mchele mgongoni, hatua ile ile yamtupa majini. Lazima upime kwa siku ya gunia.

Narudi 0.8. Si 0.9, kwa sababu vichuma huliwa kadiri gari linavyotembea na mwanya hupanuka wenyewe. Nikianza na 0.9 nitafika 1.0 bila kujua.

Wiki ya 4, Alhamisi

Kijana wa bodaboda wa hapa jirani kaniletea pikipiki iliyopoteza nguvu. Aliuziwa plagi yenye nyuzi fupi, milimita 12.7, kwenye hedi ya nyuzi za milimita 19. Cheche ilikuwa yarukia ndani ya shimo, si ndani ya chumba cha moto. Nyuzi za hedi zilizobaki wazi zimejaa masizi magumu, na plagi ya urefu wa haki haikuingia mpaka tulipozisafisha kwa brashi na grisi ili takataka zisianguke ndani. Kinyume chake ni kibaya zaidi: plagi ndefu kwenye hedi fupi hukutana na pistoni.

Wiki ya 5, Jumamosi. Odometa 215,118

Jambo la mwisho ni mwelekeo. Watu wa mashindano husema ule uwazi wa plagi, upande usiozibwa na kiguu cha nje, uelekee katikati ya chumba cha moto au kwenye valvu ya kuingiza, ili kijimoto kisizaliwe nyuma ya ukuta. Nilipiga mstari wa kalamu nzito kwenye kauri ya kila plagi upande wa uwazi, nikazifunga kama kawaida, nikatazama mistari imelala wapi. Mbili zilielekea karibu na nilipotaka, moja ilielekea ukutani, moja chini.

Uzi wa plagi ya milimita 14 husogea milimita 1.25 kwa mzunguko mmoja. Washa ya shaba yenye unene wa 0.3 ikiongezwa huigeuza plagi karibu robo ya mzunguko. Sikuwa na washa hizo, ila nilikuwa na plagi nane, na nyuzi za kila moja huanzia mahali pake. Nikazijaribu moja moja kwenye kila tundu mpaka zote nne zikaelekea vizuri bila kukazwa kupita kiasi. Saa moja na nusu. Kisha Mazeras tena: wastani sekunde 15.1. Nikazigeuza makusudi zielekee vibaya: sekunde 15.2. Kwa saa ya simu na mguu wangu, hakuna kitu hapo.

Mahali tundu la plagi lilipotobolewa na kiwanda ndipo penye uzito. Kwenye 4K plagi imeingia ubavuni, na moto lazima ukimbie kuvuka silinda yenye upana wa milimita 75. Mchanganyiko ulio upande wa mbali husubiri ukibanwa na kupashwa moto, na ukijiwasha wenyewe kabla moto haujafika, ndio ile sauti ya kunde koponi. Ndiyo maana injini nyingi za valvu nne kwa silinda zina plagi katikati kabisa. Na Honda Fit za kwanza, zenye injini ya i-DSI ya mwaka 2001, zina plagi mbili kwa kila silinda, kila moja upande wake, ili moto uanze pande mbili na njia iwe fupi. Madereva wanaolalamika kununua plagi nane kwa gari dogo lenye silinda nne, huko ndiko hela zao zinakokwenda. Mimi siwezi kulihamisha tundu. Naweza kuiheshimu taimingi tu.

Nimeziacha zilipoelekea vizuri, kwa kuwa zimeshafika hapo.

Wiki ya 5, Jumapili. Odometa 215,164

Hali ya sasa: mwanya 0.8 kwa kipimo cha waya, taimingi kwenye alama, koili imefungwa sawa, waya mpya. Halikatiki, haligongi.

Nilipofungua plagi asubuhi kuziangalia, ya silinda ya pili ilikuwa na unyevu mweusi kwenye nyuzi, mafuta ya injini, ingawa ncha yake ni kavu na ya hudhurungi kama zingine. Jumamosi ijayo naazima kwa Ami geji ya komprasheni, ya kupima silinda yabana hewa kiasi gani.